Batayo ya Quarante-trois

Ninyi vijana mulioachiwa depo, ghala ya viatu vya jeshi, siku ya kuniaga mulinipigia makofi, mukanipa soda na saa ya ukutani. Asante. Soda nilikunywa, saa imekwisha kusimama. Lakini mumoja wenu alinifuata mpaka mulangoni akaniuliza: "Muzee Bauma, ile ubao ya nyuma ya mulango ni ya nini? Na juu ya nini ulikuwa unapigia kila kuruti magoti? Na ule musumari mumoja wa chini, wenye hauna namba?" Nikacheka, nikapita. Maswali kama yale hayajibiwi mutu akiwa amesimama na saa ya ukutani kwapani. Sasa nimekaa hapa kwetu Mapendo, miguu yangu ndani ya beseni ya maji ya vuguvugu, bibi yangu amekwenda soko, nyumba imetulia. Nitajibu.

Mambo ya vyeo sitayaandika. Nilipanda polepole kama mutu mwenye magoti mabaya, na nilistaafu nikiwa adjida. Mushahara pia sitauandika: wasiokuwa wanajeshi hawataniamini, na ninyi hamuhitaji kuambiwa. Nitaandika habari ya viatu. Kwa miaka zaidi ya thelathini niliwavalisha wanajeshi viatu hapa Goma. Jeshi lilibadilisha jina, bendera na wakubwa, mimi nikabaki kwenye rafu zilezile. Watu wanadhani vita ni bunduki. Vita ni kutembea, jamani. Kupiga risasi ni dakika chache, tena si kila siku.

Niliingia depo nikiwa kijana wa Masisi mwenye mwandiko muzuri. Ni mwandiko ule ulionitoa kwenye mazoezi. Walinikuta ninajua kupanga majina kwa alfabeti, wakaniambia bunduki niache, nishike daftari. Depo ilikuwa nyumba ya mabati juu ya mawe meusi ya volkano, joto muchana, baridi asubuhi, panya wakati wote. Aliyenipokea alikuwa Adjida Muhindo, mutu wa Butembo, mufupi, Mukatoliki wa misa ya kila asubuhi. Hakuniuliza jina.

"Vua viatu," akasema.

Nikajua nimekosa kitu, ni adhabu. Nikavua. Akanisukumia beseni na kipande cha sabuni. "Nawa miguu."

Nilipomaliza, alitoa ubao. Ni huuhuu wa nyuma ya mulango. Mbao ngumu ya Beni, urefu unapita kidogo muguu wa mutu mukubwa. Upande mumoja kuna kigingi cha kuzuia kisigino, na pembeni kuna misumari midogo imepangwa mustari, kila musumari na namba yake iliyochomwa kwa waya wa moto, kuanzia trente-huit, thelathini na nane, mpaka quarante-six, arobaini na sita. Hapa kwetu namba za viatu ni za Kifaransa, tunaziita pointure. Hata mama anayeuza viatu vya mitumba Mabanga, asiyejua Kifaransa hata cha salamu, atakwambia quarante-deux, arobaini na mbili, bila kukwama. Papa Muhindo akapiga goti moja, halafu la pili. Akashika kisigino changu kwa mukono, akakisukuma mpaka kwenye kigingi, akapitisha kiganja juu ya vidole. Muguu wa kushoto, halafu wa kulia. Mimi kuruti, yeye adjida, na alikuwa chini yangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Papa, si ungeniuliza tu? Pointure yangu ninaijua," nikasema.

"Mutu hajui pointure yake. Anajua ile yenye anapenda. Usiulize mutu, Bauma, uliza muguu."

"Na ubao si unaweza kuusoma kwa kuinama?"

"Ukiinama unaona ubao. Ukipiga magoti unaona muguu."

Nilichukua miaka miwili kuelewa neno lile. Ukiwa chini pale unaona kidonda kilichofichwa, kucha iliyooza, kisigino kilichopasuka, vidole vilivyokunjamana kwa kiatu cha kuazima. Papa Muhindo alikuwa anajua, kwa kutazama nyayo tu, nani atafika Walikale kwa miguu na nani atakaa njiani. Baada ya kupima alimupa mutu botini, zile za ngozi za jeshi, akamutuma atembee juu ya mawe ya volkano nyuma ya depo, mpaka choo na kurudi. Ndipo asaini. Akirudi anachechemea, botini zinarudi kwenye rafu. "Mawe ya Goma hayana uongo," alikuwa anasema. Wanajeshi walimuita Alhamisi Kuu, juu ya kuoshesha watu miguu. Alikuwa anasikia. Nafikiri ilimufurahisha.

Halafu wakaja wakimbizi. Ninyi mulikuwa hamujazaliwa. Walivuka mupaka siku nyingi mufululizo, barabara ikajaa mpaka gari haipiti. Papa Muhindo alisimama kwenye geti la depo, mikono mugongoni, anatazama chini. Kila mutu alikuwa anatazama nyuso na mizigo, yeye alikuwa anatazama miguu. "Yesu Maria," akasema. "Hawa watoto wametembea toka wapi?" Nilimuona analia, mutu mukavu vile, na mimi sikujua nitazame wapi.

Nyuma ya wakimbizi ikaja vita, na nyuma ya vita ile vita ingine. Depo iliporwa mara mbili. Walibeba botini, mahema, sufuria, mulango wenyewe, hata mabati ya choo. Ubao tu ndio haukuibiwa, maana hakuna aliyejua ni wa nini. Papa Muhindo aliurudisha nyuma ya mulango mupya. Ugonjwa ulipomuzidi akarudi kwao Butembo, na aliniachia maneno machache: "Ubao ni yako. Magoti pia ni yako." Alikufa mvua za mwaka ule zikiwa hazijaisha.

Sasa lazima niseme habari ya mama yangu, maana bila yeye hamutaelewa kosa langu. Mama alikuwa amebaki kwenye kilima chetu Masisi. Siku moja wakapita watu wa msituni, wakachoma nyumba, wakachinja ng'ombe za jirani. Mama alitembea mpaka Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia, bila kiatu. Nilimukuta kule chini ya shitingi, turubai ya wakimbizi. Nikatafuta maji, nikamuosha miguu. Sitaandika nilichoona. Nilimuuliza, "Mama, ni akina nani?" Hakujua jina la kundi. Akasema tu, "Ni wale wa mabote." Maana watu wale walivaa wote bote za mpira, zile za kulimia kwenye matope, na mulio wake kwenye njia ya jiwe alikuwa anausikia hata usingizini. Nilimuomba aje kwangu Mapendo, akakataa, akasema kutoka Kanyaruchinya anaona njia ya kurudi nyumbani. Alifia kule, akiitazama.

Miaka ikapita, wakubwa wakasaini amani. Na amani, kwa jeshi, maana yake ni kuchanganywa. Makundi yaliyokuwa yanawindana yaliambiwa sasa ni batayo moja, kikosi kimoja, tandikeni vitanda pamoja. Na Koloneli mupya akaja. Si mutu mubaya, nisimusingizie. Alisoma ng'ambo, alilala kidogo, hakuiba. Alituambia ukweli: jeshi letu lilikuwa linachukua wiki tatu kuondoka, na adui hangoji. Alitaka batayo ya kuruka haraka, ambayo ikipigiwa simu asubuhi, saa sita baadaye iko ndani ya ndege, hata kama ni kwenda nje ya inchi. Kila kikundi kichanganywe, nusu watu wetu wa zamani, nusu watu wa msituni. Kila mutu awe na mufuko wake tayari, jina juu: nguo, botini, chandarua, gamela ya kulia, chakula cha siku tatu. Redio mupya, malori mapya, na wakufunzi wageni wenye saa za kuhesabu dakika.

Nilimupenda kwa hiyo, nisifiche. Niligonga rafu mwenyewe, mupya, kwa herufi, kila mufuko na shimo lake. Kwa mara ya kwanza depo yangu ilifanana na ile niliyokuwa naiona kichwani. Sajini Kambale, mumoja wa watu wetu wa zamani, kijana wa Butembo mwenye maneno, alikuja kutazama akapiga muluzi. "Papa Bauma, hii ni depo ao ni pharmacie?" Kambale nilikuwa nimemupima mimi mwenyewe kwa ubao alipoingia jeshini: quarante-deux, miguu yote miwili sawasawa, kitu cha nadra.

Botini zilikuwa za kuagizwa ng'ambo. Koloneli akataka liste ya pointure za watu wote kwa siku mbili.

"Mon colonel, kupima kwa ubao ni wiki mbili," nikasema.

"Adjida, waulize tu. Ni watu wazima, wanajua pointure zao."

Hapo ningebishana. Nilikuwa na maneno ya Papa Muhindo kinywani. Sikuyatoa. Watu wetu wa zamani sikuhitaji kuwauliza, pointure zao nilikuwa nazo kwenye daftari, zilizopimwa. Waliobaki walikuwa wale wa msituni peke yao, na kwao wiki mbili zisingehitajika. Wiki moja ingetosha. Nilijua hesabu hiyo, na sikuisema.

Asubuhi walipokuja, niliwasikia kabla ya kuwaona. Walitembea juu ya mawe ya uwanja na bote za mpira, wote pamoja. Mulio ule. Nilikuwa nimeshika beseni, nimeweka ubao chini. Nikasimama pale. Nikajiuliza: mimi, nipige magoti mbele ya hawa? Nikamuona mama yangu chini ya shitingi. Nikarudisha ubao nyuma ya mulango, nikamwaga maji, nikavuta meza na kiti, nikakaa, kalamu mukononi.

"Pointure?"

"Quarante-trois."

"Anayefuata. Pointure?"

"Quarante-trois."

Arobaini na tatu. Wa tatu, wa nne, wa kumi, wote quarante-trois. Akaja mumoja mwembamba kama ufito, kifua cha mutoto wa shule, akasema quarante-trois. Nikamutazama miguu ndani ya bote, nikaona muguu wa mutu wa kimo kile hauwezi kufika namba ile. Mutu mwenye miaka yangu ya depo hahitaji ubao kujua vile. Nilijua, musiseme Muzee alidanganywa. Niliandika quarante-trois kwa mwandiko wangu muzuri, nikasema ndani ya moyo: mumesema wenyewe. Baadaye nilijiambia ilikuwa haraka ya Koloneli. Haikuwa haraka. Ilikuwa magoti yangu.

Botini zilifika na makaratoni yao, mapya, zinanuka ngozi. Tukafunga kila jozi ndani ya mufuko wake, na mufuko ukitiwa sili haufunguliwi mpaka amri. Ndio ulikuwa utaratibu mupya. Amri ilikuja haraka kuliko tulivyofikiri. Inchi ya jirani, mbali upande wa kaskazini, iliomba askari, na batayo yetu ikachaguliwa. Mifuko ikafunguliwa siku moja kabla ya kuondoka. Muchana ule nilichungulia uwanjani nikaona nusu ya batayo inatembea kama bata.

Yule mwembamba akaja mezani. Kaporali Bahati, kwao Masisi vilevile, kilima cha pili kutoka kwetu. Botini alikuwa amezishika mukononi.

"Papa, minaomba kubadilisha. Muguu inaogelea ndani."

"Si ulisema mwenyewe quarante-trois?"

"Nilisema yenye niliona." Akainua bote yake ya mpira ya zamani, akanionyesha chini, kwenye soli, namba iliyochapwa pale: quarante-trois. "Papa, kule musitu bote zote ziko hivi. Kubwa njo nzuri. Unajaza nyasi, unasikia joto, na mutu akikufa, bote yake inaingia kila mutu. Nilipewa hii yangu siku walinichukua shuleni. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Tokea siku ile sikuvaa ingine. Mimi nilijua njo pointure, ile bote inasema."

Lilinichoma, nakiri, lile neno la shuleni. Nilikuwa nimekwisha kumuweka Bahati kwenye njia ya kilima chetu na kiberiti mukononi, na sasa alikuwa mutoto wa shule ndani ya bote ya mutu mukubwa. Nikatazama rafu. Hakukuwa na kitu cha kubadilisha. Liste ilikuwa yangu, na liste ilileta quarante-trois, karatoni juu ya karatoni. Nikamupa soksi, jozi mbili.

"Jaza soksi," nikasema. Ndiyo, mimi, mwanafunzi wa Papa Muhindo.

Hazikupita dakika kumi, akaingia Kambale, bila muluzi.

"Papa Bauma, vijana wangu wanavuta botini chini. Ukiambia Koloneli aahirishe siku tano, zile za depo ya Bukavu zinaweza kuvuka ziwa. Wewe atakusikia."

"Siku hizi wewe njo muwakili wa watu wa mabote?"

Alinitazama kama mutu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu. "Ni watu wangu, Papa. Nikitembea, wako nyuma yangu. Wakianguka, naangukia nani?"

Aliposema vile nilisimama, nikavaa kofia, nikaenda. Nataka muandike hili kwa upande wangu, ni dogo lakini ni la kweli: nilienda. Nikafika mpaka mulango wa Koloneli. Ulikuwa wazi. Alikuwa na wakufunzi wale wageni, wameinamia karatasi ya dakika, wanacheka, na alikuwa na uso wa mutu ambaye kwa mara ya kwanza jeshi la inchi yake halimutii haya. Akaniona. "Adjida! Depo iko tayari?"

Ningesema hapana. Neno moja. Lakini baada ya hapana angeuliza kwa nini, na ningelazimika kusema: sikupima, mon colonel, sikutaka kuwapigia magoti.

"Iko tayari, mon colonel," nikasema.

Kesho yake, toka walipoitwa, waliondoka ndani ya masaa tano, si sita. Koloneli alinikumbatia mbele ya watu. Kuna picha, munaijua, ile ya kwenye korido. Mimi ndiye yule anayetazama chini. Kwenye kiwanja cha ndege walipita mbele yetu kikundi kwa kikundi, na mulio wa botini ulikuwa wa mara mbili: kisigino kinagusa, halafu kiatu kinafuata. Bahati alipita. Kambale alipita nyuma yake, hakunitazama.

Yaliyotokea nilisimuliwa na waliorudi. Ndege ilishuka, barabara ilikuwa imekatwa, wakaambiwa watembee siku tatu. Siku ya kwanza malengelenge. Siku ya pili malengelenge yakapasuka, soksi zikashikamana na nyama. Wengine walivua botini wakazitundika shingoni, wakatembea miguu mitupu kwenye mchanga wa moto, maana mutu wa Masisi miguu mitupu anaijua. Bahati hakuvua. Alisema ni botini yake ya kwanza ya jeshi, hawezi kuivua mbele ya watu. Siku ya tatu muguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka kidole kikubwa hakisikii kitu. Walishambuliwa mahali pa wazi. Waliokuwa na miguu walikimbia mpaka kwenye mawe. Kambale alifika kwenye mawe, akahesabu watu wake, akaona Bahati hayuko. Akarudi kumubeba. Alimubeba kweli, alimufikisha, ndipo akapigwa risasi, akafa.

Ripoti iliandika "hali ya njia". Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilingoja kuulizwa mwezi, miezi, kila gari ikisimama nje nachungulia mulangoni. Bure. Hakuna mutu anayemushitaki mutu wa viatu.

Aliyekuja ni mujane wa Kambale. Munajua utaratibu, vitu vya marehemu vinarudi depo na magazinie, mutunza depo, anasaini. Alisafiri toka Butembo na mufuko ule, jina la mume wake juu, kwa mwandiko wangu. Akatoa kimoja kimoja. Mwisho akaweka botini mezani, quarante-deux. Nikageuza soli kwa mazoea tu. Zilikuwa zimeisha sawasawa pande zote, kama zinavyoisha zikiwa za mwenyewe.

"Zilimukaa vizuri?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Zilimukaa vizuri sana."

"Afadhali," akasema. "Alikuwa anasema Papa Bauma anapima watu kwa mukono yake."

Nikasaini. Akaenda. Ndiyo siku niliyotoa ubao nyuma ya mulango, nikanunua beseni mupya, na tokea pale, kila mutu aliyepita depo, wa zamani ao wa msituni, wa kabila lolote, Muhunde, Munande, Mutwa, mwenye jina ninalolipenda na lisilopendeza kinywani mwangu, nilimupigia magoti. Wakubwa walicheka, wakasema Muzee amepata dini. Ninyi mulifikiri ni ufundi. Ni deni la mutu aliyechelewa, na magoti yangu yameisha sasa, yanalia kama mulango wa zamani.

Lakini kulikuwa na mumoja sijamupima. Wiki yangu ya mwisho kazini, ubao haukuwa mahali pake siku nzima, na mumoja wenu alitaka kuandika kwamba umepotea. Nilikuwa nao ndani ya saki, mufuko wangu wa begani, Mabanga. Nilisikia Bahati anashona viatu kule, kando ya njia, chini ya mwavuli. Kweli, nilimukuta, nyundo mukononi, misumari midogo katikati ya midomo. Amenenepa. Amepata ndevu. Aliinua macho, akatema misumari kwenye kiganja.

"Papa Bauma," akasema, bila furaha, bila hasira. "Kiatu imekatika?"

"Hapana. Nimekuja kukupima."

Akacheka kidogo. Wateja wawili wakacheka pamoja naye bila kujua wanacheka nini. Nikaomba maji kwa mama wa jirani anayeuza makala ya kupikia, akanipa kwenye sahani ya plastiki. Nikapiga magoti juu ya mawe, pale njiani, watu wanapita, wengine wakafikiri ninaombewa. Nikamuvua kiatu cha kulia. Muguu wa kulia nikauosha, nikaweka kisigino kwenye kigingi: quarante, arobaini kamili. Mutoto alikuwa quarante siku zote. Nikavua cha kushoto. Ndani ya kiatu alikuwa amejaza vitambaa, mbele, mahali pa vidole. Hakuna kidole hata kimoja, hospitali ilivikata vyote. Nikaosha kilichobaki, nikakiweka kwenye ubao. Hakikufika kwenye trente-huit. Hakikufika kwenye musumari wowote.

Hapo nililia, mbele ya watu wa Mabanga, muzee muzima.

"Bahati, nakuomba musamaha. Nilijua. Siku ile nilijua."

Alikuwa anatazama kichwa changu, nafikiri, maana mimi nilikuwa natazama muguu.

"Musamaha ya muguu nakupa, Papa," akasema. "Mimi pia kuna wenye naomba wanipe. Lakini ya Kambale, si mimi mwenye kukupa. Bibi yake iko Butembo."

"Najua."

"Basi andika. Ulikuja kupima, andika."

"Ubao haina namba ya hii."

Akachukua musumari mumoja kwenye kiganja chake, akainama, akauweka kwenye ubao mahali hasa muguu ulipoishia, akaupiga nyundo mara mbili. Halafu akavaa kiatu chake, akaanza kutafuta uzi wa kazi iliyokuwa inamungoja.

Ninyi mutakuwa na mashine, nimesikia, ya kupima kwa mwanga. Vizuri, tumieni. Bibi yangu amerudi soko, anauliza nimekaa ndani ya maji tangu asubuhi juu ya nini. Nimemwambia kesho napanda gari ya Butembo. Njia ni mbaya, na mujane wa Kambale alifurahi kwamba kila mutu alipimwa kwa mukono. Ni mimi nitakayemunyang'anya furaha ile. Ubao nawaachia. Ule musumari usio na namba musiung'oe.